Sikio Likizima Ghafla, Damu Nayo Ipimwe

Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, watu humkimbiza hospitali. Akipinda mdomo na mkono ukalegea, humkimbiza pia. Sikio moja likizima ghafla, watu husubiri. Husema ni mafua, ni maji ya kuoga, ni nta, ni uchovu, litafunguka lenyewe. Wiki ya kwanza hupita hivyo, na ya pili nayo, ilhali kwa ugonjwa huu wiki mbili za mwanzo ndizo ambazo tiba huwa na nguvu zaidi.

Ninaandika habari hii kwa sababu ilimpata kaka yangu mkubwa, na kwa sababu kilichoonekana kwenye damu yake wakati wa kutibiwa sikio kilikuwa kizito kuliko uziwi wenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu uhusiano wa sukari, lehemu (kolesteroli) na shinikizo la damu na sikio la ndani. Mengine yana ushahidi mzuri, mengine wataalamu wenyewe bado wanayabishania. Nitajitahidi kila jambo nilipe uzito wake.

Uziwi wa ghafla ninaouzungumzia ni ule wa sikio la ndani. Madaktari huuhesabu hivi: kupotea kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti (ngazi za unene na wembamba wake) yanayofuatana, ndani ya saa 72. Desibeli 30 si kidogo. Mazungumzo ya watu wawili waliokaa karibu huwa na desibeli kama 60, kwa hiyo aliyepoteza 30 huyasikia kama mnong'ono, na mnong'ono wenyewe haumfikii tena. Wapo wanaopoteza zaidi ya hapo, hata sikio likawa kimya kabisa. Wengi huamka nao asubuhi. Wengine husikia kitu kama kimepasuka ndani ya sikio, kisha kimya. Walio wengi hupata pia mlio usiokoma, na baadhi hupatwa na kizunguzungu kikali hadi wakatapika. Karibu kila mara ni sikio moja tu. Nchini Marekani makadirio ni watu 5 hadi 27 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na wengi wao ni watu wa makamo, wenye miaka hamsini au sitini na kitu.

Kinachowapoteza watu ni kwamba mwanzoni mgonjwa hahisi uziwi, anahisi sikio limeziba. Hisia ni ileile ya nta au ya mafua, na hapo ndipo hata wahudumu wa afya huteleza. Lakini ipo njia rahisi ya kutofautisha, ambayo natamani kila nyumba ingeijua. Funga mdomo uvumishe sauti ya chini, mmmm, bila kufungua midomo. Sauti ikisikika zaidi katika sikio lenye tatizo, huenda kuna kitu kimeziba njia: nta, au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ikihamia upande wa sikio lisilo na tatizo, shuku sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Daktari hufanya jambo hilohilo kwa chuma chenye ncha mbili kinacholia kikigongwa, akakiweka katikati ya paji la uso. Kipimo hicho kina jina la Mjerumani Ernst Heinrich Weber aliyekieleza mwaka 1834, na bado kinafanya kazi bila umeme wala gharama. Hakitoshi peke yake. Mgonjwa anahitaji kipimo kamili cha usikivu katika chumba tulivu. Ila kinatosha kumwambia mtu kwamba leo asilale nyumbani akingoja.

Kaka yangu hakukijua, wala mimi. Alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, nakusikia upande huu tu. Nikihamishia simu upande wa pili, hakuna kitu." Alikwisha kuonwa na mhudumu mmoja aliyempa dawa ya matone na vidonge vya kuua bakteria, bila kumpima usikivu. Nalitaja hilo kwa sababu nimelisikia kwa wagonjwa wengine wengi mno. Matone hayafiki sikio la ndani. Hupita kwenye njia ya sikio hadi kwenye ngoma, yakakomea hapo.

Sasa tuingie huko ndani, maana bila kupaelewa habari ya sukari na lehemu haiwezi kueleweka.

Kiungo cha kusikia huitwa koklea. Ni mfereji mwembamba uliojisokota mizunguko miwili na nusu ndani ya mfupa mgumu kuliko karibu mifupa yote ya mwili. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 3,500 za safu ya ndani na kama 12,000 za safu za nje, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya umeme. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena. Ili zifanye kazi, majimaji yanayozizunguka hulazimika kuwa na chaji ya umeme ya takriban milivolti 80, na chaji hiyo hutengenezwa saa zote, umelala au uko macho, na utando wa pembeni uliojaa mishipa midogo ya damu. Utando huo ni miongoni mwa sehemu zinazokula nishati kwa pupa. Damu ikipungua hata kwa muda mfupi, chaji hushuka, na usikivu hushuka nao.

Damu hiyo huja kwa mshipa mmoja mwembamba, ambao kwa watu wengi ni tawi la mshipa unaolisha sehemu ya chini ya ubongo. Mshipa huo hauna mwenzake wa kuusaidia. Sehemu nyingi za mwili zina njia za pembeni: mshipa mmoja ukibanwa, mwingine hupitisha damu. Koklea haina bahati hiyo. Ndiyo maana tangu zamani wanasayansi wameshuku kwamba angalau baadhi ya visa vya uziwi wa ghafla ni kiharusi kidogo cha sikio. Zipo shuku nyingine pia: virusi, kinga ya mwili kujishambulia, utando wa ndani kupasuka. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, mara nyingi sababu haijulikani hata baada ya vipimo vyote, na daktari mwaminifu atamwambia hivyo bila kuzungushazungusha.

Katika nafasi hiyo ya kutojua ndipo tafiti za kimetaboliki, yaani za jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, zimeingia, na zimeleta mambo ya maana.

Nianze na sukari. Kisukari hushambulia mishipa midogo, na mishipa ya koklea ni midogo kwelikweli. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hunenepa, nafasi ya damu kupita hupungua, na chembe nyekundu za damu hupoteza wepesi wa kujikunja ili zipenye. Watafiti waliochunguza mifupa ya sikio ya watu waliofariki wakiwa na kisukari waliona mambo hayo kwa macho kupitia darubini: kuta nene za mishipa, ule utando wa umeme ukiwa umesinyaa, seli za nje zikiwa zimepungua. Si jambo geni kwa anayejua kisukari kinavyofanya kwenye retina ya jicho na kwenye figo. Wenye kisukari huambiwa wapimwe macho kila mwaka, wapimwe mkojo, wakague nyayo. Masikio ni nadra kutajwa, na kwangu mimi huo ni upungufu unaopaswa kurekebishwa. Taiwan, ambako kumbukumbu za bima ya afya ya taifa huwawezesha watafiti kufuatilia maelfu kwa maelfu ya watu, ilionekana kwamba wenye kisukari hupata uziwi wa ghafla kwa kiwango cha karibu mara moja na nusu ya wasio nacho. Italia nako, watafiti waliolinganisha wagonjwa wa uziwi wa ghafla na watu wengine walikuta kisukari na lehemu nyingi vimejitokeza zaidi kwa wagonjwa.

Lehemu na mafuta mengine ya damu ndilo eneo lililonivutia kuliko yote. Kwa kawaida tunafikiria mafuta yakiganda ukutani mwa mshipa mkubwa wa moyo. Kwenye koklea kuna jambo jingine pia, uzito wa damu yenyewe. Lehemu nyingi na protini ya kugandisha damu iitwayo fibrinojeni huifanya damu iwe nzito, ikapita kwa shida kwenye mishipa midogo. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Ujerumani lililowashirikisha wagonjwa 201. Kundi moja lilipewa tiba iliyozoeleka wakati ule. Kundi la pili liliunganishwa mara moja tu na mashine inayochuja lehemu mbaya (LDL) na fibrinojeni kutoka kwenye damu. Kwa jumla makundi yalikaribiana, lakini wale waliokuwa na fibrinojeni nyingi walinufaika zaidi na mashine. Tiba hiyo haijaenea duniani, ni ghali na inahitaji mitambo. Mimi naithamini kwa sababu nyingine: inadokeza kwamba chini ya jina moja la ugonjwa kuna wagonjwa wa aina tofauti, na kwamba wapo ambao shida yao iko kwenye damu inayolilisha sikio.

Shinikizo la damu ushahidi wake umegawanyika. Tafiti nyingine hulikuta zaidi kwa wagonjwa, nyingine hazioni tofauti, ule wa Italia ukiwemo. Sitaling'ang'ania.

Picha huwa wazi zaidi mambo haya yanapokusanyika kwa mtu mmoja. Madaktari huita mkusanyiko huo sindromu ya kimetaboliki, na mtu huhesabiwa kuwa nayo akifikisha mambo matatu kati ya matano: kiuno kilichopita kipimo cha jinsia yake na asili yake, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) kuanzia milimoli 1.7 kwa lita. Lehemu nzuri (HDL) iliyoshuka chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85. Na sukari ya kufunga, yaani inayopimwa kabla ya kula asubuhi, kuanzia 5.6. Tazama namba hizo kwa makini. Hakuna hata moja inayouma. Mtu anaweza kuwa na nne kati ya hizo na akalala usingizi mzuri, akafanya kazi, akacheza na wajukuu. Tafiti kutoka Taiwan na Korea Kusini zimeonyesha kwamba wenye mkusanyiko huu hupatikana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa uziwi wa ghafla, na kwamba wakishapatwa, usikivu wao huelekea kurudi kwa shida kuliko wa wengine. Jambo hilo la pili ndilo linalonigusa zaidi. Sikio lililoumia linahitaji damu nzuri ili lijitengeneze, na mwili wenye mishipa iliyochakaa hauna akiba ya kulipa.

Nirudi kwa kaka yangu. Alipofika hatimaye kwa daktari wa masikio, pua na koo, alipimwa usikivu na ikathibitika ni sikio la ndani. Tiba inayotumika zaidi ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, na huwa na maana zaidi zikianza ndani ya wiki mbili tangu dalili. Lazima niseme kweli kuhusu dawa hizi: ushahidi wake si wa chuma. Kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wagonjwa hupata nafuu kiasi fulani hata bila dawa, na hilo hufanya iwe vigumu kupima mchango wa dawa yenyewe. Hata hivyo hatari ya uziwi wa kudumu ni kubwa kiasi kwamba madaktari wengi, na mimi naungana nao, huona heri kutibu.

Kabla ya kumpa kidonge cha kwanza, muuguzi alimchoma kidole. Sukari ilikuwa juu sana. Alikuwa na kisukari bila kukijua. Alikuwa anajua ana presha, alikuwa anajua ana kitambi, lakini sukari hakuwahi kuiangalia kwa kuwa hakuwahi kujisikia mgonjwa.

Hapo kuna jambo ambalo kila mgonjwa na kila mhudumu anapaswa kulijua. Steroidi za vidonge hupandisha sukari, na kwa mwenye kisukari zinaweza kuipandisha kwa kiwango cha hatari ndani ya siku chache. Hupandisha pia shinikizo la damu. Kumpa mtu kipimo kamili cha prednisoloni, miligramu 60 kwa siku kama ilivyo desturi, bila kujua sukari yake ni kubahatisha na maisha yake. Na njia nyingine ipo: steroidi inaweza kudungwa kupitia ngoma ya sikio hadi sikio la kati, ikapenya ndani kutokea hapo, huku kiasi kidogo sana kikiingia mwilini. Jaribio la Marekani la mwaka 2011 lililokuwa na wagonjwa 250 lilikuta kwamba, kwa matokeo ya jumla, sindano hizo hazikuwa duni kuliko vidonge. Daktari wa kaka yangu alichagua sindano. Na kwa wanaodhani dozi kubwa zaidi ingesaidia zaidi, Ujerumani walilijaribu hilo wakachapisha matokeo mwaka 2024: dozi kubwa mno hazikuzidi dozi ya kawaida kwa kurudisha usikivu, na zilikuja na madhara mengi zaidi.

Nafika sasa kwenye hoja ambayo najua baadhi ya wataalamu watanipinga. Mwongozo wa chama cha Marekani cha madaktari wa masikio, uliotolewa 2012 na kuhuishwa 2019, unasema wazi kwamba mgonjwa wa uziwi wa ghafla asipimwe rundo la vipimo vya damu kama desturi, kwa sababu majibu yake kwa kawaida hayabadilishi tiba ya sikio na humgharimu mgonjwa bure. Nakubaliana na mantiki yake. Sitaki mtu aliyepoteza usikivu azungushwe maabara wakati saa zinakwenda.

Lakini mtu si sikio peke yake. Sukari, mafuta ya damu, shinikizo la damu na utepe wa kupima kiuno si rundo. Ni vitu vya msingi ambavyo mtu mzima wa umri huo anastahili kupimwa hata kama masikio yake hayana kasoro. Ninachoomba ni kwamba siku ambayo sikio limemleta mtu hospitali, ambaye pengine hajakanyaga hapo kwa miaka, isipite bila vipimo hivyo kuchukuliwa. Majibu yasubiriwe baadaye, tiba ya sikio ianze. Sukari tu ndiyo ijulikane kabla ya vidonge vya steroidi.

Sababu yangu kubwa ni utafiti mwingine wa Taiwan, wa mwaka 2008, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la kiharusi. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitano wagonjwa 1,423 waliolazwa kwa uziwi wa ghafla. Wakawalinganisha na watu 5,692 waliolazwa kwa upasuaji wa kidole tumbo, ugonjwa usio na uhusiano na mishipa ya damu. Baada ya kuzingatia umri, kisukari, presha na mengineyo, waliopatwa na uziwi walikuwa na hatari ya kiharusi mara 1.64 ya wenzao. Utafiti huo hausemi kwamba uziwi huleta kiharusi. Unaonyesha kwamba yaliyolipata sikio, kwa baadhi ya watu, yako pia kwenye mishipa inayopanda ubongoni, na kwamba daktari anayeliangalia sikio ana nafasi ya kuzuia jambo baya zaidi.

Kwa hiyo uziwi wa ghafla ukiambatana na kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kutembea sawasawa, ganzi ya uso, ulimi mzito au mkono kulegea, hapo si habari ya daktari wa masikio tena. Ni dharura ya kiharusi, na kila dakika ina hesabu yake. Masikio yote mawili kuzima kwa pamoja nako ni jambo la nadra linalohitaji uchunguzi mpana zaidi.

Kitu kimoja nakihofia ninapoandika haya, nacho ni lawama. Nimeshasikia mtu akimwambia mgonjwa, "Si ulikuwa unakula ovyo." Tafiti hizi zote zinahusu makundi. Zinaonyesha vitu vinavyotembea pamoja. Hazimwambii mtu yeyote kwamba sukari yake ndiyo iliyozima sikio lake. Wengi wenye kisukari hawatapatwa na uziwi wa ghafla maisha yao yote, na wapo vijana wembamba wenye damu safi wanaoamka hawasikii. Kaka yangu alijilaumu sana siku za mwanzo. Nilimwambia lililo kweli: hakuna anayejua kwa nini sikio lake lilizima, ila tunajua kwa nini sasa anatakiwa kuishusha sukari. Hayo ni mambo mawili, na la pili halihitaji jibu la la kwanza.

Usikivu wake ulirudi kwa sehemu. Sauti nzito anazisikia, nyembamba zimebaki kule juu asikozifikia. Walimfanyia pia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, jambo ambalo wengi hulikataa wakiona sikio limepata nafuu. Lisikataliwe. Asilimia ndogo ya wagonjwa hukutwa na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu, uvimbe usio wa saratani lakini unaokua, na kupata nafuu kwa dawa hakuthibitishi kwamba haupo. Kipimo cha usikivu nacho kirudiwe tiba ikiisha na tena ndani ya miezi sita, maana sikio linaweza kuendelea kubadilika.

Kwa ambao usikivu haurudi, msaada upo na usicheleweshwe. Anayesikia kwa upande mmoja hushindwa kujua sauti inatokea wapi na hupotea kwenye makelele ya watu wengi, hata kama kwenye chumba tulivu anaonekana mzima. Vipo vifaa vya kukuza sauti kwa sikio lililobakiwa na uwezo, vipo vinavyoichukua sauti ya upande uliokufa na kuipeleka upande unaosikia, na kwa baadhi ya waliopoteza kabisa hupandikizwa koklea ya kielektroniki. Mlio wa sikio nao una wataalamu wake wanaomfundisha mtu kuishi nao bila kumnyima usingizi. Haya yote mgonjwa ayaulize mwenyewe kwa daktari wake, pamoja na namba zake nne: sukari, mafuta ya damu, presha na kiuno.